Alivyosoma Zefania

Katubuka, Kigoma
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Dada Klementina,

Shikamoo. Mwakeye, kama tunavyosalimiana nyumbani. Sisi hatujambo, ila tumelowa.

Usishangae kuona nimekuandikia kwenye karatasi ya kaki. Ni ile ninayokatia vipimo vya suruali. Madaftari ya watoto yameingia maji, na kwa kuwa suruali zangu unazijua, karatasi hii haijapoteza kitu kwa kuandikiwa barua.

Mvua haijaacha tangu Oktoba. Ziwa limepanda, hilo unaliona mwenyewe huko Msilamba. Lakini maji yaliyotuingilia si ya ziwa. Ni haya ya Katubuka, yanayoteremka kutoka vilimani, yakifika bondeni kwetu yanakosa pa kutokea. Safari hii yameamua kupanga kwetu. Jumatano mtaa ulikuwa mtaa. Alhamisi asubuhi nikafungua mlango niende Mwanga kwenye cherehani yangu, nikakuta bodaboda imezimika katikati ya maji, dereva amekaa juu yake ametulia kama anapigwa picha. Sasa kuna vijana wanavusha watu kwa mgongo. Mmoja alinitazama kuanzia juu mpaka chini akasema, "Mzee, wewe tutakuvusha kwa awamu mbili." Nikavuka mwenyewe.

Redio inasema Aprili itakuja na mvua kubwa zaidi, na upepo kutoka upande wa Kongo. Basi najiandaa. Vitanda nimevipandisha juu ya tofali. Unga na maharage viko kwenye ndoo zenye mifuniko, hati ya kiwanja iko kwenye ndoo ya tatu. Juu ya bati nimepanga mawe, na mlangoni nimeweka viroba vya mchanga. Happiness na watoto nimewapeleka kwao Kasulu. Lakini unajua nyumba ile baba aliijenga kwa tofali mbichi. Maji yameanza kupanda ndani ya ukuta, rangi inabadilika kila siku, kama chai inavyopanda kwenye mkate. Ukuta wa chumba cha mama ndio mbaya kuliko zote.

Na mama hataki kuondoka. Katekista Oswald amempa chumba kizuri kwake Mwanga, mahali pakavu. Amekataa. Sababu nitakueleza siku nyingine, maana mimi nimo ndani yake.

Nakuomba kitu kimoja. Kwenye barua yako ijayo mwandikie mama mistari miwili. Miwili tu. Mwambie atoke.

Nahodha Thobias atakuletea dumu la mawese. Limetoka kwa mama.

Mdogo wako,
Zefania


Msilamba
29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Zefania,

Marahaba. Pole kwa maji.

Thobias alinipa dumu la mawese pale ufukweni, mbele ya walimu wenzangu. Akasema kwa sauti yake ile ya kuita abiria: "Mwalimu, mama anasema chumba chako kimeshafagiliwa, anakusubiri baada ya Pasaka kama ulivyoahidi." Wenzangu wakanipongeza. Nikacheka nao kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Niliahidi lini? Nilimwahidi nani?

Nikukumbushe, maana inaelekea Katubuka mmesahau. Mwaka 2018 nilimleta mume wangu kutoka huku akiwa amelala chini kwenye boti, juu ya magunia ya dagaa. Nilitaka akae nyumbani awe karibu na matibabu. Mama alisimama mlangoni, hakusogea. Akasema nyumba imejaa wageni. Hapakuwa na mgeni hata mmoja, Zefania. Ulikuwepo, ulikuwa unatazama viatu vyako. Tukapanga chumba Ujiji, kwa watu ambao hawakutujua hata majina, na wiki ya tatu Jean akafia humo. Mama alikuwa akisema "yule Mkongo wako" Jean akiwa hai, na hata msibani hakukanyaga.

Tangu siku hiyo sijamwandikia neno. Nakuandikia wewe. Hata huo mnara wa simu ambao kijiji chetu hakina, mimi siuombei uje, maana ukija wewe utaanza kunipigia na nitamsikia mama nyuma yako.

Nyumba iliyokosa nafasi ya Jean sasa imejaa maji, na mimi ndiye niandike mistari miwili.

Niambie umemwambia nini.

Klementina


Katubuka
4 Aprili 2024

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye maji ya magoti, na hapo ni ndani ya nyumba, jikoni. Nilistahili.

Nitakueleza yote, na ukimaliza unichape utakapoweza.

Mama hajui kusoma, na unajua barua kwetu husomwaje. Haisomwi chumbani. Husomwa Jumapili baada ya misa, mkeka umetandikwa, mama yuko katikati, majirani kando, chai inangoja mpaka barua iishe. Baba ndiye aliyetuzoesha. Barua yako ya kwanza baada ya msiba ilikuwa na mistari minne. Ulinisalimu mimi, Happiness na watoto. Ukauliza cherehani. Basi. Mama alikuwa amejifunga kitenge chake cha Pasaka, mikono mapajani. Nikafika pale ulipoweka jina lako, nikanyamaza. Mama Regina jirani akainama akawa anakuna kikombe. Mama akasema, "Endelea."

Nikaendelea.

Nilisema, "Mama yangu mpenzi, nakukumbuka sana." Tu. Nilidhani ni mara moja. Lakini barua iliyofuata akakaa tena vile vile, na mimi tayari nilikuwa nimeanza. Nimeendelea miaka sita. Nimekuwa nikitunga vizuri kwa jina lako, dada. Mimi ambaye mwalimu wangu wa darasa la saba alisema insha zangu zinafaa kufungia karanga. Nilimwambia mama umesema umeyaacha ya zamani. Nilimwambia unamwombea. Siku hizo alikuwa akimaliza chai yote.

Krismasi aliugua, akawa hali kitu. Nikamsomea kwamba utakuja baada ya Pasaka ukae naye mwezi mzima. Jioni ile ile akaomba ugali.

Sasa unaona nilipofika. Nikimwambia, "Mama, twende kwa Oswald, nyumba hii haifai," ananijibu: "Klementina akifika akute mlango umefungwa? Atasema nimemfungia mara ya pili." Siwezi kumwambia huji. Nimejaribu mara tatu. Mdomo unafunguka, kisha naomba chumvi.

Kwa hiyo si mistari miwili tena. Ninaomba umwandikie kweli. Useme lolote utakalo, hata la kumuumiza, ila useme atoke. Safari hii nitasoma kama ilivyo. Jumapili ya tarehe 14 redio inasema mvua na upepo vitafika hapa. Thobias ameahidi kukusubiri uandike.

Perege mmoja ameingia chini ya kitanda changu. Mama anasema ni mgeni, nisimguse. Nilitaka kumpika.

Zefania


Msilamba
9 Aprili 2024

Zefania,

Thobias amekaa hapa nje anavuta sigara, ananisubiri. Sina muda wa kukukasirikia vizuri.

Barua ya mama ni hiyo. Msomee ilivyo.

Klementina

*

Mama,

Shikamoo. Mimi ni Klementina.

Sitakuja baada ya Pasaka. Sikuahidi kuja. Zile barua hazikuwa na neno lolote kwako, Zefania alikuwa anaongeza kwa kukuonea huruma. Nina kinyongo na wewe kwa ajili ya Jean. Bado ninacho.

Lakini sitaki ufe kwa maji. Tafadhali toka kwenye nyumba hiyo, usinisubiri humo. Nenda na Zefania kwa katekista.

Mwanao,
Klementina


Katubuka
14 Aprili 2024, Jumapili

Dada,

Nimesoma. Leo asubuhi, baada ya misa, ila mkeka hatukuutandika kwa sababu ya maji. Mama alikaa juu ya kitanda chake, miguu imening'inia juu ya tofali. Mama Regina naye alikuja, amepandisha gauni. Nilisoma neno kwa neno.

Nilipomaliza mama alinyoosha mkono. Kisha akasema, "Lete niione."

Akaishika. Akaigeuza juu chini, kama mtu anayetazama kitambaa kama kina tundu. Akasema:

"Hii si ya Klementina."

Nikasema, "Mama, ni ya kwake, mwandiko wake huu."

"Mwandiko mimi siujui. Mwanangu namjua. Klementina akiniandikia huanza 'Mama yangu mpenzi'. Huyu anaanza shikamoo kama anamwandikia afisa mtendaji. Na kinyongo alishakiacha, aliniambia mwenyewe mwaka juzi, ulinisomea hapa hapa, Mama Regina shahidi."

Mama Regina akasema ni kweli, alisikia.

Nikamwambia, "Mama, yale niliyaongeza mimi."

Dada, alicheka. Akanishika shavu. "Zefania, wewe? Wewe kadi ya harusi yako mwenyewe uliandikiwa na Oswald. Maneno mazuri vile uyatoe wapi? Hii ndiyo umeitunga. Unataka kunitoa, na hujui hata kutunga. Mtoto gani anamwambia mama yake ana kinyongo naye?"

Basi. Uongo wote umepita, ulioshindwa ni ukweli.

Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Nikasema nitambeba, akashika chuma cha kitanda. Mtu wa miaka themanini na moja, dada, lakini vidole nilishindwa kuvibandua, niliogopa kumvunja. Mwisho tumepatana. Amesema Oswald hawezi kumdanganya, kwa hiyo Oswald aje aisome. Oswald akisoma maneno hayo hayo, atatoka.

Sasa ni saa nane mchana. Kwa upande wa Kongo mbingu imekuwa rangi ya sufuria. Mama Regina amekubali kukaa naye. Nimebana dirisha kwa mbao, nimeongeza mawe juu ya bati, nimemvalisha sweta. Naenda Mwanga kumchukua Oswald, kwenda na kurudi ni saa moja kama maji yataniruhusu. Barua hii nitampitishia Thobias kesho.

Z.


Kwa Katekista Oswald, Mwanga
20 Aprili 2024

Klementina,

Mkono ni wa Oswald, maneno ni yangu mimi mama yako Verediana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Zefania nimemtoa nje. Amesimama mlangoni kama mbuzi anayengoja maganda.

Ukuta wa chumba changu ulianguka Jumapili kabla hawajafika. Mama Regina alikuwa amekwenda jikoni kuona maji, yeye ni mzima, mshukuru Mungu. Mimi ukuta ulinikuta kitandani. Walinitoa Oswald na Zefania kwa mikono. Nyonga imeumia na kifua hakivuti vizuri, lakini akili ipo.

Oswald amenisomea barua yako. Nikamwambia asome tena. Jana amenisomea mara mbili, leo mara moja. Nimeelewa sasa ni yako. Nimejua kwa lile neno kinyongo. Zefania asingelithubutu.

Mwanangu, mimi miaka sita nilijua umenisamehe. Nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nikipita pale mlangoni pa nyumba naona aibu, halafu nasema moyoni, lakini mtoto amesema ameyaacha. Kumbe nilikuwa nimesamehewa na Zefania. Sasa nafanya hesabu upya na mimi ni mzee na nimelala.

Kwa hiyo nasema mwenyewe, maana sikuwahi kuambiwa kwamba bado sijasema. Chumba kilikuwepo. Hapakuwa na wageni. Nilimwona mumeo alivyokohoa pale kwenye bodaboda, nikaogopa kikohozi, na niliogopa maneno ya mtaani kwamba Verediana ameuguza Mkongo. Nilivyofunga mlango nilikaa nyuma yake nikawasikia mnavyopandisha mizigo tena. Alisema, "Twende, Klema, usigombane na mama." Nilimsikia. Hilo sijamwambia mtu.

Nisamehe. Kama huwezi, usiseme unaweza. Nimeshaambiwa hivyo vya kutosha.

Mdogo wako usimkasirikie sana. Alikuwa ananisomea vizuri.

Mimi mama yako,
Verediana


Mwanga, Kigoma
26 Aprili 2024

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika tu.

Mama alifariki Jumanne tarehe 23, saa tatu asubuhi, kwa Oswald. Alikuwa amekunywa uji vijiko vitatu. Alimwuliza Oswald kama boti zimeondoka. Oswald akasema bado, ziwa limechafuka. Mama akasema, "Basi itachelewa." Alikuwa anasema barua yake kwako. Baada ya hapo alilala, hakuamka.

Tulimzika Jumatano, Oswald ndiye aliyeongoza sala. Hatukuweza kukungoja. Boti zilikaa Kibirizi siku kumi na moja, mawimbi yalikuwa yanavunja mpaka zile zilizofungwa. Nilikwenda kila siku kumwuliza Thobias. Siku ya mwisho akaniambia, "Kaka, ukija tena nitaondoka hivyo hivyo na tutakufa wote, ndicho unachotaka?" Nikarudi.

Ndiyo maana unapata barua tatu kwa pamoja. Ile yangu ya tarehe 14 ilibaki kwangu, imelowa pembeni, nisamehe. Ya mama Oswald ameifunga na gundi. Sijui ilivyo ndani. Mama alinikataza, na safari hii nimetii.

Ile Jumapili kwenda na kurudi haikuwa saa moja. Upepo ulitukuta karibu na soko, bati zinaruka, tukajibanza kwenye baraza la duka mpaka upungue. Oswald alitaka tungoje zaidi. Mimi nikatoka. Mtaa wetu maji yalikuwa yamefika kiunoni, na kwa kiuno changu elewa hicho ni kiasi gani. Nilimsikia Mama Regina anaita kabla sijaiona nyumba. Mengine nitakueleza kwa mdomo au sitakueleza.

Watu wananipa pole, wananiambia, "Mtoto mwema, ulikaa na mama mpaka mwisho." Mimi naitikia, natazama viatu vyangu. Uliandika hivyo, na ni kweli ndivyo nifanyavyo. Sikumwua kwa ukuta. Nilimwua kwa kutaka amalize chai. Nikisema hivyo kwa Oswald ananiambia nisiseme, lakini wewe hukuwahi kunibembeleza, kwa hiyo nakuambia wewe.

Nyumba imebaki vyumba viwili. Maji bado hayajatoka. Nalala kwa Oswald, katika chumba kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya mama. Happiness atarudi na watoto mvua zikiisha.

Sikuombi kitu.

Zefania


Msilamba
3 Mei 2024

Zefania, mdogo wangu,

Thobias hakusema kitu safari hii. Alivua kofia akanipa bahasha, nikajua.

Nilizipanga kwa tarehe, nikazisoma nimekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa pale ufukweni, kwa sababu nyumbani kuna watu wengi wanaonihurumia. Nilisoma yako ya tarehe 14. Nikasoma ya mama. Nilipofika kwenye yako ya mwisho nilikuwa tayari nimeanza kumjibu mama kichwani. Nilikuwa nimefika mbali.

Siku mbili nilikuchukia. Nakuambia kwa kuwa umesema mimi sibembelezi. Siku ya tatu nikatazama ile barua niliyoiandika Thobias akivuta sigara. Ningekuwa na nusu saa zaidi ningeiandika vile vile, na hilo ndilo linaloniumiza. Kweli yangu ilikuwa kavu kiasi kwamba mama yangu mwenyewe hakuitambua. Na miaka sita nilikuwa na karatasi, kalamu na boti kila wiki.

Barua ya mama sitakuonyesha yote. Nitakuonyesha sehemu moja inayokuhusu. Amesema ulikuwa unamsomea vizuri.

Nataka uniambie ulisema nini. Zile barua zote, Jumapili kwa Jumapili, unazozikumbuka. Ulimwambia nimesema nini juu ya Jean? Nilimwombea namna gani? Nilikuwa nachekesha? Keti unisomee kama ulivyomsomea yeye, chai ingoje. Nataka kumjua huyo Klementina aliyekuwa anaandika nyumbani, maana inaelekea alikuwa na mama kuliko mimi.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya wiki mbili. Barua hii inatangulia, mimi nafuata na safari ijayo ya Thobias, Alhamisi, ziwa likikubali. Usije Kibirizi na watu. Njoo peke yako. Twende makaburini kwanza kabla ya chakula na kabla ya majirani.

Nitasimama pale, na sasa hivi sijui nitamwambia nini. Ikifika hapo nikanyamaza, niache ninyamaze. Usinitungie.

Dada yako,
Klementina